Nimemwona bosi wangu wa zamani soko la Majengo nikajificha, sasa namtafutaje bila kuonekana nina shida?

mhasibu_wa_vumbi

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, jambo lenyewe dogo ila tangu Jumamosi linanizunguka kichwani mpaka waifu anasema nimezidi.

Iko hivi. Mwaka 2010 nimetoka chuo, nikapata kijikazi cha mkataba halmashauri moja huku huku kanda ya kati, ofisi ya uhasibu upande wa malipo. Bosi wangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkimya, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa na tabia moja, hati ya malipo ikifika mezani kwake haisomi mbele, anaigeuza nyuma kwanza aone viambatisho, akimaliza ndo anarudi mbele kuangalia ni kiasi gani na anayelipwa ni nani. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Enzi hizo mfumo wa kompyuta ukigoma mnaandika kwa mkono, kwahiyo ofisi nzima ni marundo ya mafaili, vumbi, na panya nao walikuwa watumishi.

Sasa kuna mzabuni wa madawati nilimwandalia malipo bila hati ya kupokelea mzigo. Alikuja anaongea kwa adabu, kijana wangu kijana wangu, mzigo umeshashushwa karatasi zinakuja kesho, mi nikaona mtu mzima hawezi kunidanganya. Akalipwa. Miezi imepita wakaguzi wa nje wakaja na kalamu zao za kijani, wakavuta hati ile ile, wakauliza ya kupokelea iko wapi. Haipo. Hoja ya ukaguzi hiyo. Yule mama angesema tu "ni huyu kijana wa mkataba" na mimi ningekuwa nimerudi Kondoa kwa baba kulima alizeti. Hakusema. Alinibakisha ofisini kuanzia saa 10 jioni tukapekua maboksi faili moja moja, umeme ukakatika tukaendelea na tochi ya kile kisimu changu, mpaka saa 4 usiku tukaikuta hati imebanwa kwenye faili la mbolea huko, mtunza stoo alikosea. Madawati yalikuwa yamefika kweli. Usiku ule ule nimechoka na njaa inauma akanikalisha akanifundisha kufunga hati ya malipo upya, dokezo la kuomba malipo, LPO yaani oda ya manunuzi, ankara, ya kupokelea, kila moja na mahali pake, halafu akafungua mlango akasema "kesho uje na kamba yako, za ofisi zimeisha". Basi. Hakunigombeza hata neno moja, na mimi nikakaa naisubiri hiyo gombeza mwaka mzima haikuja.

2011 nikapata ajira Dar, naondoka yeye yuko safari, nikasema nitampigia. Sikupiga. Mwaka wa kwanza ubize, wa pili aibu ya kutopiga, wa tatu aibu ya aibu. Wizara ikahamia Dodoma nikaja nayo, sasa niko Mtumba, miaka yote hii nakaa mji mmoja na watu wanaomfahamu. Kazi siku hizi tunafanya kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, lakini kiambatisho ni kiambatisho, na mi mpaka leo nageuza nyuma kwanza, vijana wangu wananicheka kama nilivyokuwa namcheka yeye.

Jumamosi nimeenda Majengo kununua vitu vya nyumbani namwona huyo hapo, anachagua mlenda mkavu, kazeeka, miwani ile ile na kamba. Nikapiga hatua mbili mguu ukagoma. Nikageukia kwenye nyanya najifanya nachagua, muuza nyanya ananiambia "kaka unanunua au unazibembeleza?" Nainua kichwa mama hayupo.

Naanzaje? Namba yake ninayo ya zamani, sijui hata kama ni yake tena. Na naogopa nikimtafuta sa hizi atajua nina shida, maana ndo zetu, mtu akikutafuta baada ya miaka 14 ujue kuna harusi au kuna mkopo.

kitochi_2005

Dah mkuu ulijificha kwenye nyanya 😂

Twende kwenye namba. Usitume meseji kwanza. Jaribu kama unataka kumtumia hela, weka namba weka kiasi kidogo, jina litatokea kabla hujaweka namba ya siri, ukiona jina sio lake unafuta, kazi imeisha hujaaibika. Namba za zamani nyingi ziliondoka na ile habari ya alama za vidole, Januari 2020 waliokuwa hawajasajili laini zikazimwa, wazee wengi walikuwa na laini mbili tatu wakasajili moja zingine wakaziacha zife. Na laini ikikaa bila kutumika inauzwa upya. Mi nilimpigia mwalimu wangu wa field akapokea kijana wa Geita yuko mnadani, tukaongea dakika tano bei za mbuzi, mtu mzuri tu.

Jina likitokea ni lake basi PIGA. Meseji kutoka namba ngeni kwa mtu mzima siku hizi inasomwa kama "ile hela tuma kwenye namba hii". Na tafadhali usianze na "unanikumbuka?" Hakuna kitu kinachokera kama kupigwa mtihani na mtu usiyemjua saa mbili asubuhi.

sista_wa_Ilazo

Mi ni muuguzi, yangu ilikuwa hivi. Nilifanya mafunzo ya vitendo wodi ya wazazi chini ya sista mmoja mkali, yule akiingia wodini hata nzi wanatulia. Kitu alichoniachia ni kimoja, usimguse mama kabla hujamwambia jina lako. Hata kama anapiga kelele, hata kama mtoto anatoka. "Mimi naitwa fulani, nitakusaidia." Miaka kumi na kitu sijawahi kuacha na nimeona wamama wanatulia kwa hilo tu kabla hata sijafanya chochote.

Mwaka juzi nikaambiwa kastaafu yuko Mpwapwa. Nikapanda basi na sukari kilo mbili na khanga, njia nzima najipanga nitakavyomwambia, nimeshalia mara mbili kwenye basi jirani yangu akadhani naenda msibani. Nimefika, shikamoo, marahaba, nimekaa nikamtolea hotuba yangu yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo la jina hakumbuki kabisa, labda alinifundisha mwingine. Ila mimi ananikumbuka vizuri, mimi si ndiye niliyelala zamu ya usiku nimekumbatia mtungi wa oksijeni?? Akaita na mjukuu wake aje amwone mtu wa mtungi.

Sasa mi nilitaka kumshukuru nimegeuka kichekesho cha familia. Lakini tulikaa mpaka jioni na sasa ananipigia kila mwezi, akipiga anasema "mtungi hujambo". Nachotaka kukwambia mdogo wangu, kile ulichobeba wewe miaka yote inawezekana yeye hana habari nacho, usiende na matumaini kwamba atakifungua na yeye atoe kipande chake kinachofanana.

mtaa_wa_saba

Mi nitakuwa tofauti na wengine na mnisamehe. Huyo mama alikuwa anafanya kazi yake analipwa mshahara, wewe ulikosea akarekebisha, basi. Kuna watu mna tabia ya kugeuza kila mtu aliyekutendea haki kuwa malaika halafu mnaenda kumsumbua kwenye uzee wake ili nyie mlale vizuri. Mzigo ni wako wa kutopiga simu miaka 14, sasa unataka ukautue mlangoni kwake. Kama amestaafu mwache apumzike.

Nasema hivi kwasababu nina bosi wangu wa zamani nilimtafuta kwa nia safi kabisa, salamu tu, wiki ya pili akaanza nisaidie hiki, mwezi wa pili mtoto wake anataka kazi, mwezi wa nne hatuongei. Kumbukumbu nzuri niliyokuwa nayo nimeiharibu kwa mkono wangu. Ningebaki nayo tu.

mhasibu_wa_vumbi

@mtaa_wa_saba imeniuma kidogo kwasababu ina ukweli. Sikatai mzigo ni wangu. Ila nikiangalia pale Majengo, kama mi nisingekuwa na deni lolote nisingejificha, ningemsalimia tu kama mtu ninayemfahamu. Sa nikimwacha nitaendelea kujificha kila nikienda sokoni? Mji wenyewe huu, Dodoma bado unakutana na watu.

@sista_wa_Ilazo nimecheka hapa ofisini mpaka wameniuliza. Mtungi!!

mzee_wa_difenda

Mbukwenyi wanangu.

Mimi nimestaafu, nimeendesha magari ya serikali tangu enzi ya Landrover 109 mpaka hizi zinazojifungia vioo zenyewe. Nimebeba mabosi, nimebeba wapima ardhi, madaktari, vijana wa field wanatapika njia ya Kondoa kabla ya lami. Kwahiyo niko upande wa pili wa hilo swali lako, mimi ndiye ninayetafutwa.

Nikwambie mzee aliyestaafu anavyoishi na simu yake. Mwezi wa kwanza inaita sana. Mwezi wa sita inaita ukiwa na msiba. Baada ya hapo wanaopiga ni aina mbili. Wa kwanza ni tapeli, anakutajia jina lako kamili na ofisi uliyotoka, anasema kuna nyongeza ya mafao yako imekwama tuma kidogo tuikwamue, na wenzangu wamelizwa kweli kweli. Wa pili ni mtu anataka umjulishe kwa mtu unayemjua. Anaanza mzee shikamoo, habari za mama, habari za mashamba, mvua vipi, na wewe unajua kabisa barua ya mtoto wake iko mfukoni inasubiri zamu yake. Mimi siku hizi nawakatisha, nawaambia mwanangu toa barua kwanza halafu ndo tusalimiane vizuri.

Ndiyo maana huyo bwana aliyesema maneno ya kwanza yana kazi, sikiliza. Ukipiga, pumzi ile ile ya kwanza taja jina lako, mwaka, ofisi, na kitu kimoja ambacho tapeli hawezi kukijua. Yale madawati. Halafu sema wazi kabla hajauliza, sina shida yoyote, kazi ninayo, wazima sote nyumbani, nimetaka kukuamkia tu. Usimwachie akisie. Kukisia ndiko kunatuchosha.

Kuhusu kumpata, usiende kwa afisa utumishi kuomba namba, hatakupa na akikupa kakosea, labda umwachie barua yako kwenye bahasha aifikishe. Tafuta mhudumu wa chai wa ofisi ile au dereva. Wakurugenzi wanahama, hao wanabaki. Mama wa chai anajua nani alihamia wapi, nani alijenga Nkuhungu nani alijenga Hombolo, nani kafiwa na nani. Sisi tuliofanya kazi pamoja siku hizi tunaonana misibani tu na yeye ndiye anayetupigia.

Na wewe mtaa wa saba sikupingi, kuna watu ukiwarudia wanakugeuza kitega uchumi. Lakini nikupe mmoja. Kuna kijana nilimbeba mwaka 2003 mwanafunzi wa upimaji, siku 21 porini upande wa Manyoni, hajui kuwasha moto hajui kulala nje, nikamfundisha na kuendesha. Baadaye simu zikabadilika zile 0744 zikawa 0754, mi nikapoteza kitabu changu cha namba, yakaisha. Mwaka jana kanipata kupitia mama wa chai huyo huyo ninayemsema. Akaja na hii treni ya SGR asubuhi kutoka Dar, mtu mzima ana mvi, akala ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwangu, tukaongea habari ya gari moja tu bovu tulilokuwa nalo, kwamba gia ya tatu ilikuwa inaruka na alikuwa anaishika kwa mguu, masaa mazima gari moja, jioni akarudi stesheni. Hakuacha hela hakuomba kitu. Mke wangu akaniuliza sasa huyu alikuja kufanya nini. Nikamwambia alikuja kuulizia gari.

Ukienda usikae na bahasha. Beba vitu vya jikoni.

kitochi_2005

Mzee heshima yako. "Toa barua kwanza" naichukua hiyo.

binti_wa_Kongwa

Naomba kuuliza tofauti kidogo, kama aliyekuachia kumbukumbu alikuwa sio bosi ni mteja? Nilikuwa benki kaunta, kuna babu alikuwa anakuja kila mwezi anahesabu hela yake mbele yangu, siku moja nilimzidishia elfu hamsini akarudi nayo kwa miguu jua la saa nane, ingenikata mimi mshahara. Nimeacha benki sasa. Namjua anapokaa kwa kukisia tu.

sista_wa_Ilazo

@binti_wa_Kongwa ulichojua ukiwa kaunta kibaki kaunta mdogo wangu, anuani yake uliijua kwasababu ya akaunti. Ila kama ni kijiji chenu na mnakutana kanisani au mnadani, hapo salamu ni salamu.

mhasibu_wa_vumbi

Wakuu narudisha mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki mbili, tulikuwa na mambo ya hesabu za mwisho wa robo.

Nilifuata njia ya mzee. Namba ya zamani niliijaribu, likaja jina la mtu mwingine kabisa. Nikampata mama wa chai, bado yupo pale pale, mabosi wamepita sijui wangapi yeye yupo na chupa zake. Alinijua kwa sauti. Kabla sijamaliza swali akasema mama yuko Hombolo analima zabibu, lakini ngoja nimuulize kwanza kama nikupe namba, na akanikalisha siku mbili. Hiyo niliipenda.

Nikapiga. Nimeiandika kabisa kwenye karatasi kama dokezo. Shikamoo mama, naitwa fulani, 2010 nilikuwa kijana wa mkataba kwako, yule wa hati ya madawati, niko Dodoma, kazi ninayo, sina shida yoyote. Kimya. Nikadhani imekatika. Akasema marahaba, ya madawati ilikuwa kwenye faili la mbolea. Nikashindwa kuongea kabisa.

Jumapili nikaenda, nimebeba sukari, unga, mafuta ya kula, sabuni. Kaniandalia kiti chini ya mti, shamba lile pale, anavuna mara mbili kwa mwaka analalamika bei kama wote. Nikamwambia yote, nikamwambia na habari ya nyanya. Nikamwambia nimekaa miaka yote nikijua aliniokoa. Akavua miwani akaniangalia, akasema mwanangu, kukuokoa wewe? Iliyoidhinisha malipo yale ilikuwa sahihi yangu. Niliisaini nikiwa na homa, sikugeuza nyuma siku hiyo, siku hiyo moja. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Usiku ule nilikuwa natetemeka kuliko wewe, nilikubakisha kwasababu mimi macho yangu usiku hayaoni vizuri na wewe ulikuwa na simu yenye tochi.

Jamani. Miaka 14!

Nikamuuliza sasa mbona ulinifundisha kufunga hati usiku ule ule, si tulikuwa tumeshapata. Akasema nilikuwa sitaki kwenda nyumbani mikono inatetemeka, nikatafuta kitu cha kufanya.

@mtaa_wa_saba hapo nilikukumbuka, ila kwa namna nyingine, maana alivyokuwa anaongea niliona kama na yeye hajawahi kumwambia mtu. Tulicheka sana baadae. Anakumbuka kila hati, nawaambia mama yule ukimtajia namba ya hati ya malipo anakwambia mzabuni nani.

Naaga, tunatoa vitu kwenye gari, anaviangalia kimoja kimoja, sukari, unga, mafuta. Anauliza bei gani, namtajia. Ananyoosha mkono. Nikadhani ananiaga nikampa mkono.

"Risiti," anasema.

Sikuwa nayo.